Homoni Iliyoondoka na Homoni ya Kichupani

Ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Viktoria, macho kuwasha si ugonjwa. Ni sehemu ya kazi, na hakuna anayefunga kibanda kwa sababu yake. Boti zikishafika ufuoni asubuhi na kushusha omena, mbuta na ngege, kazi ya wanaume huwa imekwisha kwa kiasi kikubwa na ya wanawake ndiyo kwanza inaanza: kununua, kuosha, kuanika, kukaanga, kupeleka sokoni Kisumu mjini, kilomita chache tu kutoka hapo. Mama karanga, kama anavyoitwa mkaanga samaki, huinama juu ya karai la mafuta, kuni zikitoa moshi, mkono mmoja ukigeuza samaki na mwingine ukifuta machozi kwa ncha ya leso. Kwingine mjini humo, Obunga, wenzake hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa kwa soko la nje. Si wachache kati yao waliopita miaka arobaini na mitano. Wameshazaa, wameshalea, na hedhi imekoma au inakaribia kukoma.

Hapo ndipo swali la uchambuzi huu linapoanza. Kwa zaidi ya miaka ishirini watafiti wa macho wamekuwa wakiuliza kama kupungua kwa homoni ya estrojeni hedhi inapokoma kunamweka mwanamke karibu zaidi na glakoma, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Siku hizi wameongeza swali la pili, kuhusu mchochota: ile hali ya kinga ya mwili kuwaka na kuendelea kuwaka hata pale ambapo hakuna kidonda. Jibu lao, kwa ufupi, ni kwamba uhusiano upo, ila ni mdogo na una masharti mengi. Mimi nasema jibu hilo likifika Dunga linageuka sura. Homoni iliyoondoka mwilini hatuwezi kuifanyia mengi. Iko homoni nyingine, inayouzwa katika kichupa kidogo dukani, ambayo inaharibu macho kwa njia inayoeleweka vizuri zaidi, na hiyo tunaweza kuizuia leo.

Tuanze na jicho lenyewe. Ndani yake mna maji safi yanayotengenezwa mfululizo na kutoka kupitia kichujio chembamba kilicho kwenye pembe, pale sehemu yenye rangi inapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Ni karo la jikoni lenye bomba lisilofungwa kamwe: tundu la chini likianza kuziba, maji hupanda. Presha ya kawaida huhesabiwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikipanda kwa muda mrefu, huikandamiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo, nyuzi zake zikafa kidogo kidogo. Lakini wako ambao neva yao hufa presha ikiwa ya kawaida kabisa, na wako wenye presha ya juu wasiopata madhara kwa miaka mingi. Ndiyo maana kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Daktari lazima aitazame neva yenyewe, aone kama kile kishimo cha katikati yake kimepanuka.

Ubaya wa glakoma ya kawaida, ile ya pembe iliyo wazi, ni kwamba haiumi. Hufuta pembeni kwanza. Mwanamke anaendelea kuhesabu noti, kuchagua samaki na kumtambua mteja anayetaka kumkopa, kwa sababu katikati pa jicho bado pazima, na ubongo hujaza sehemu iliyopotea kwa kubahatisha. Anajikwaa kwenye kamba ya boti, anagonga beseni la jirani, anasema ni uchovu. Anapokuja kugundua, jicho moja mara nyingi limekwisha. Hapa pana tofauti na mtoto wa jicho ambayo watu wengi hawaelezwi: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena, lakini uoni ulioliwa na glakoma haurudi. Matibabu yote ya glakoma yanalinda kilichobaki tu.

Ukubwa wa tatizo hautiliwi shaka. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 ilikadiria wagonjwa milioni 64.3 duniani mwaka 2013, wenye umri kati ya miaka 40 na 80, na milioni 111.8 ifikapo 2040. Afrika ndiyo iliyoonekana kuwa na kiwango kikubwa zaidi cha glakoma ya pembe wazi. Karibu na kwetu, utafiti wa wilaya ya Kongwa, katikati ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa zaidi ya asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Yaani katika kila watu wazima ishirini na watano, mmoja.

Na wanawake? Hapa takwimu zina mtego. Ukilinganisha mwanamume na mwanamke wa umri mmoja, glakoma ya pembe wazi humpata mwanamume kwa urahisi kidogo zaidi. Lakini wanawake huishi zaidi, na glakoma ni ugonjwa wa umri. Isitoshe, ile aina ya pembe kuziba huwapenda wao, kwa sababu macho yao kwa wastani ni mafupi zaidi. Makadirio ya watafiti Quigley na Broman ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kufikia 2010 wanawake wangekuwa asilimia 59 ya wagonjwa wote wa glakoma duniani. Watafiti Paul Courtright na Susan Lewallen, waliofanya kazi miaka mingi mjini Moshi, Tanzania, waliandika sana juu ya upande mwingine wa jambo hili: wanawake hupofuka zaidi si kwa sababu ya maumbile peke yake, bali kwa sababu huduma ya macho huwafikia wachache na kwa kuchelewa. Nauli hutolewa kwa baba kwanza.

Sasa homoni. Kwamba homoni za uzazi hugusa presha ya jicho ni jambo ambalo madaktari wamelijua siku nyingi kutokana na ujauzito: mimba inapokua, presha ya jicho hushuka, na baadhi ya wajawazito wenye glakoma huhitaji dawa kidogo kuliko awali. Hedhi inapokoma, mambo huelekea kinyume, presha ikapanda kidogo. Vipokezi vya estrojeni vimepatikana katika seli za neva za retina na katika sehemu zinazotengeneza na kuchuja maji ya jicho. Estrojeni pia husaidia mishipa midogo ya damu kutoa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa hiyo na kuipitisha damu vizuri. Ikipungua, huenda kichujio kikakaza, damu inayofika kwenye neva ikapungua, na seli za neva zikakosa mlinzi. Katika maabara, panya jike walioondolewa ovari wamepandwa na presha ya jicho na kuona vibaya zaidi kuliko wenzao.

Kwa binadamu ushahidi ni wa kuokoteza, lakini mwingi unaelekea upande mmoja. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliotoka mwaka 2001, ulikuta kwamba wanawake ambao hedhi yao ilikoma kabla ya miaka 45 walikuwa na glakoma zaidi ya mara mbili ya wale iliyokoma baada ya 50. Kliniki ya Mayo huko Marekani iliwafuatilia wanawake walioondolewa ovari zote mbili. Waliofanyiwa hivyo kabla ya miaka 43 walipata glakoma kwa asilimia 60 zaidi ya wenzao. Ule wa Blue Mountains, Australia, haukuona wazi athari ya kukoma mapema. Sishangai. Mwanamke ambaye hedhi yake hukoma mapema huenda anavuta sigara, ana lishe duni au ana ugonjwa mwingine, na kutenganisha nyuzi hizo ni kazi ngumu.

Njia ya kumaliza ubishi ni jaribio ambalo wanawake hupangiwa kwa bahati nasibu, hawa homoni, hawa kidonge kisicho na kitu. Jaribio la namna hiyo lipo, lile kubwa la Marekani la afya ya wanawake lililoanza miaka ya 1990, ingawa halikuanzishwa kwa ajili ya macho. Mtafiti Thasarat Vajaranant na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu zake. Waligundua kwanza kwamba estrojeni peke yake ilishusha presha ya jicho kwa karibu nusu milimita ya zebaki. Nusu. Jaribio la Malmö, Sweden, lilionyesha kwamba kila milimita moja inayoshushwa hupunguza hatari ya glakoma kuendelea kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo nusu milimita si sifuri, lakini tone moja la dawa ya kawaida ya glakoma hushusha mara kumi ya hapo.

Kisha, mwaka 2018, walitoa matokeo yaliyowafanya watu wasimame. Katika uchambuzi wa wanawake zaidi ya 8,000, estrojeni peke yake haikupunguza glakoma kwa ujumla, ila kwa Wamarekani weusi hatari ilipungua kwa karibu nusu. Estrojeni iliyochanganywa na projesteroni ya kutengenezwa haikusaidia yeyote.

Nimesikia matokeo haya yakinukuliwa kama habari njema kwa mwanamke wa Kiafrika, na hapo ndipo pa kuweka breki. Kwanza, hicho ni kipande cha jaribio, si jaribio lote. Ukiligawa kundi kubwa vipande vingi, kimoja huweza kung'aa kwa bahati. Pili, estrojeni peke yake walipewa wanawake ambao tayari wameondolewa mji wa mimba, kwa kuwa kwa mwenye mji wa mimba huongeza hatari ya saratani ya ukuta wake. Mama wa Dunga aliyezaa watoto sita na ana kizazi chake hayumo katika kundi hilo. Tatu, upande wa estrojeni na projesteroni ulisimamishwa mwaka 2002 kwa sababu ya saratani ya matiti na maradhi mengine, na ule wa estrojeni peke yake mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi. Nne, asili ya Wamarekani weusi kwa sehemu kubwa ni Afrika Magharibi na Kati. Mjaluo wa Kisumu ni wa jamii ya Waniloti. Kumvisha matokeo ya Marekani kwa sababu ya rangi ya ngozi ni kukosa uangalifu. Mwanamke anayeteswa na joto la ghafla na kukosa usingizi anaweza kupewa homoni na daktari kwa sababu hizo. Kwa ajili ya macho, bado.

Mchochota una hadithi yake, na kwangu ndio sehemu yenye mvuto zaidi kisayansi. Ndani ya neva ya jicho mna seli za kinga na seli za usaidizi. Presha ikipanda, au damu ikipungua, seli hizo huamka na kumwaga kemikali, mojawapo ikiitwa TNF, ambazo kwanza husafisha na kisha, zisipotulia, huanza kuua zile seli zilizokuwa zinalindwa. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walionyesha katika panya kwamba hata seli za kinga zilizofundwa na bakteria wa tumboni huingia kwenye retina na kuendeleza uharibifu presha ikiwa imekwisha kushuka. Panya waliolelewa bila bakteria wowote waliepuka. Estrojeni huituliza mioto hii. Ikipungua, viwango vya kemikali za mchochota kwenye damu huelekea kupanda. Hivyo mwanamke aliyekoma hedhi anapoteza vitu viwili kwa pamoja: kilicholegeza bomba na kilichokuwa kikizima moto.

Kisumu inaongeza mambo mawili kwenye picha hiyo. La kwanza ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliikuta kaunti ya Kisumu na maambukizi ya asilimia 17.5 ya watu wazima, ya pili baada ya Homa Bay yenye 19.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9, na wanawake wakiwa wameathirika kuliko wanaume. Dawa za ARV zimewafikisha wanawake hao kwenye miaka hamsini na sitini, jambo ambalo miaka ya 1990 lilikuwa ndoto. Lakini mchochota wa chini chini hubaki hata virusi visipoonekana kwenye kipimo, na tafiti kadhaa zimeona hedhi ikikoma mapema kwa wenye VVU. Hakuna anayeweza kusema kutokana na hayo kwamba watapata glakoma zaidi. Yanachosema ni kwamba kundi hili, linalofika kliniki kila baada ya miezi michache kwa ajili ya dawa, ndilo rahisi kuliko yote kupimwa macho, na kwa kawaida halipimwi.

La pili ni moshi. Katika kumbukumbu za Uingereza za zaidi ya watu 100,000, zilizochambuliwa mwaka 2019, walioishi penye hewa yenye vumbi laini zaidi walikuwa na glakoma kwa asilimia 6 hivi zaidi, na presha yao ya jicho haikuwa imepanda. Hilo linaelekeza kidole kwenye mchochota au mishipa ya damu badala ya presha. Vumbi la Uingereza si moshi wa kuni chini ya karai, na sitaki kudai zaidi ya hapo.

Ila moshi unafanya jambo jingine, na hili halihitaji darubini ya maabara. Unawasha macho. Macho yakiwasha na kuwa mekundu wiki nzima, mtu haendi hospitali. Anakwenda duka la dawa barabarani, anasema macho, anapewa kichupa. Mara nyingi kichupa hicho kina deksamethasoni au ndugu yake, imechanganywa na dawa ya kuua viini. Deksamethasoni ni steroidi, homoni iliyotengenezwa kiwandani kwa mfano wa ile inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, na hakuna kitu kinachozima mchochota upesi kama hiyo. Baada ya siku mbili jicho jeupe. Mteja amefurahi. Moshi ukirudi, anarudi kwa kichupa kilekile, sasa kwa jina lake, na kwa kuwa kimemfaa, anamgawia na dada.

Kinachotokea ndani hakionekani kwenye kioo. Steroidi hubadilisha kile kichujio cha pembeni, huziba vijia vyake, na presha hupanda. Majaribio ya miaka ya 1960 yalikwisha kuonyesha kwamba watu waliotiwa matone hayo kwa wiki nne hadi sita hugawanyika: takriban theluthi moja presha yao hupanda kwa kiasi, na karibu asilimia 5 hupanda vibaya sana. Wenye glakoma tayari, na ndugu zao wa damu, ndio huathirika zaidi. Hayo ni ya watu waliopimwa kila wiki hospitalini. Mama karanga anatumia miezi, bila kipimo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi hizo hizo, na zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu hufanya kazi hiyo hiyo. Ukilinganisha, nusu milimita iliyoshushwa na estrojeni inaonekana ndogo mbele ya milimita kumi au kumi na tano zinazoweza kuletwa na kichupa.

Na uzuri wa presha hiyo ya steroidi, tukiweza kuuita uzuri, ni kwamba ikigunduliwa mapema, dawa ikaachwa, mara nyingi presha hushuka yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Kile kilichokufa hakirudi, lakini uharibifu husimama. Dawa hizi zina kazi yake halali baada ya upasuaji na katika mizio mikali, chini ya macho ya daktari. Sheria ya kuziuza kwa cheti ipo. Anayeisimamia barabarani jioni simjui.

Ikishapatikana glakoma yenyewe, dawa iliyozoeleka katika hospitali zetu ni matone ya timololi, mara mbili kwa siku, maisha yote. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine, lakini matone huingia kwenye damu: hupunguza mapigo ya moyo na huweza kukaza kifua cha mwenye pumu. Mwanamke aliyevuta moshi wa kuni miaka thelathini na ambaye kifua chake hulia anapaswa kumwambia daktari kabla ya kupewa. Hata kwa asiye na pumu, dawa ya maisha kwa ugonjwa usiouma, inayonunuliwa kwa pesa za samaki, huachwa. Ndiyo maana matokeo ya hospitali ya KCMC, Moshi, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanastahili kujulikana kando ya Ziwa Viktoria kuliko tafiti zote za estrojeni nilizozitaja. Wagonjwa wenye glakoma nzito waligawanywa, wengine timololi, wengine leza ya dakika chache. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefaulu katika asilimia 31 ya macho ya timololi na asilimia 61 ya macho ya leza. Leza huisha nguvu baada ya miaka na hairudishi uoni, lakini haitegemei kama omena ilipatikana wiki hii.

Yote hayo yanaanza na kupimwa, na hapa ndipo kukoma hedhi kuna thamani yake ya kweli: kama tarehe. Kati ya miaka 40 na 50 mwanamke hupata mambo mawili karibu kwa pamoja, hedhi kuanza kuyumba na mkono kuanza kuwa mfupi akisoma. La pili hulitatua kwa kununua miwani ya kusomea kando ya barabara. Miwani hiyo inafaa, sina ugomvi nayo, ila kwa wengi ilikuwa ndiyo sababu pekee ambayo ingewapeleka kwa mtaalamu wa macho katika muongo huo, na mtaalamu angetazama neva. Nafasi hiyo imepita kwa bei ya sahani ya samaki.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa na serikali mwezi Septemba 2023 hubeba kipimo cha presha ya damu nyumba kwa nyumba, na hilo limezaa mkanganyiko ambao unafaa kusahihishwa palepale mlangoni: presha ya mkononi ikiwa sawa haisemi lolote kuhusu ile ya jicho. Mhamasishaji hana kifaa cha jicho, lakini anaweza kuuliza mambo matatu. Je, kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka? Hedhi ilikoma lini, na je, ovari ziliondolewa? Unatia dawa gani machoni, nionyeshe kichupa? Utafiti wa Rotterdam ulikadiria kwamba ndugu wa damu wa mgonjwa wa glakoma hupata ugonjwa huo maishani kwa asilimia 22, dhidi ya asilimia 2.3 kwa wengine, kwa hiyo swali la kwanza lina uzito kuliko la pili. La tatu ndilo linaloweza kuokoa jicho wiki hiyo hiyo. Wa kupelekwa apelekwe kitengo cha macho cha Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia tangu ilipofunguliwa mwaka 1969, au Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga.

Siku ya kwenda ni shida nyingine. Serikali hufunga uvuvi wa omena kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, na mtu angedhani hiyo ndiyo miezi ya kupanga kliniki ya macho ufuoni. Lakini miezi hiyo muuza omena ana muda bila nauli. Afadhali kufuata mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti samaki, hivyo kwa siku chache kila mwezi wengi hawaingii ziwani. Wakati huo mauzo ya siku zilizotangulia bado yamo mkobani, na meza za kuanikia ziko tupu.